Exetat: tusimtishe mtoto na shimo

Wandugu wachimbaji, maneno haya tunayajua, maana tunayasema wenyewe: «Ukianguka, utakuja ku shimo kama mimi.» Tunafikiri tunamupa mtoto nguvu. Kumbe finaliste anakaa mbele ya daftari, macho iko ku ukurasa, moyo iko ku shimo. Asubui tumbo linamuuma, chakula hakipiti.

Sisi wa sendika tunapigania kazi yetu iheshimiwe. Namna gani mangaribi tunaigeuza kuwa fimbo?

Session ni siku ine: culture générale, sayansi, luga, masomo ya option, kila moja siku yake. Kurudilia masomo nako kugawanywe hivyo. Asubui mapema hesabu, wakati kichwa kingali baridi. Mangaribi items za miaka iliyopita, pamoja na wenzake wawili watatu. Aliyezizoea hashituki akiona karatasi. Saa ine za usiku, alale.

Na binti? Yeye ndiye tunamutuma maji, sahani, mdogo mgongoni, kisha tunauliza mbona hasomi. Kaka zake wachote maji mpaka Exetat iishe. Wenzetu waliokimbia Djugu na kulala kambini Kigonze hawana hata meza: tuombe shule za karibu ziwaachie darasa moja wazi kila mangaribi.

Asilimia 50 inatosha kupata diplome. Mwenye kuikosa anaweza kurudi mwaka unaofuata. Hilo tumwambie sasa, mbele ya siku ya kwanza, si kisha matokeo.