Saa za Kutoa Taarifa: Taasisi za Afrika Mashariki Mbele ya Vitisho Vipya vya Usalama wa Data

Mwezi Novemba 2024 waziri wa nchi anayeshughulikia fedha nchini Uganda alilithibitishia Bunge kwamba akaunti za serikali katika Benki Kuu zilikuwa zimedukuliwa, ingawa si kwa kiwango kilichotajwa magazetini. Februari 2025 waliofikishwa mahakamani hawakuwa wadukuzi wa ng'ambo, bali maofisa tisa wa Wizara ya Fedha. Kwa mujibu wa mashtaka, malipo yaliyokusudiwa Benki ya Dunia na Mfuko wa Maendeleo wa Afrika yalielekezwa kwenye akaunti nyingine nje ya nchi. Hatia ni jambo la mahakama kuamua. Kinachouhusu mjadala wa usalama wa data ni kwamba tukio lililoitwa udukuzi lilikuja kudaiwa kuwa kazi ya watu waliomo ndani ya mnyororo wa malipo.

Miaka minne kabla, Oktoba 2020, Uganda ilikuwa imeonja upande wa pili wa tatizo hilo. Mvamizi aliingia katika mfumo wa kampuni ya kati inayounganisha benki na huduma za pesa kwa simu. MTN Uganda, Airtel Uganda na Stanbic zililazimika kusimamisha kwa muda uhamishaji wa fedha kati ya benki na simu, na zikaeleza kwa pamoja kuwa hitilafu ilitokea kwa mtoa huduma wao.

Matukio haya mawili yanaonyesha upungufu wa mwitikio uliozoeleka. Taasisi nyingi huelekeza bajeti kwenye kinga za nje: kuchuja mawasiliano ya mtandao, kusimba data, kudai uthibitisho wa hatua mbili. Hatua hizo ni za lazima, na dhidi ya programu zinazofunga data na kudai fidia, nakala rudufu iliyotengwa na mtandao bado haina mbadala. Lakini hazimzuii mtumishi mwenye idhini halali, wala hazifiki kwenye seva za mkandarasi. Hapo kinachofaa ni udhibiti wa kiofisi, wa kizamani kwa sura yake. Anayeandaa malipo asiwe anayeyaidhinisha. Akaunti ya mpokeaji ikibadilishwa, mpokeaji athibitishe kwa njia nyingine, tena kwa namba iliyokuwa kwenye jalada tangu awali, si ile iliyoletwa na barua ya mabadiliko. Kumbukumbu za matumizi ya mfumo zihifadhiwe mahali ambapo hata msimamizi wa mfumo hawezi kuzifuta. Sharti hili la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi, pengine kwa sababu linamgusa mtu anayeaminiwa kuliko wote.

Sheria nazo zimejibu kwa kuweka saa. Sheria ya Kenya ya 2019 inatoa saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data panapokuwa na hatari ya kweli ya madhara. Ya Rwanda ya 2021 inatoa saa 48. Ya Uganda ya 2019 inataka taarifa itolewe mara moja, kisha mamlaka ndiyo iamue kama wenye data waarifiwe. Kwa kampuni inayofanya kazi katika nchi zote tatu, mpango wa dharura unaofuata saa 72 pekee tayari una kasoro.

Hata hivyo, tofauti ya saa si udhaifu mkubwa. Saa hizo huanza kuhesabiwa taasisi inapobaini uvujaji. Taasisi isiyotunza kumbukumbu haibaini kitu, na isiyobaini haichelewi kamwe. Kwa hiyo aliyewekeza katika ugunduzi hubeba wajibu na lawama, ilhali mzembe hukaa kimya bila kuonekana amevunja sheria. Wasimamizi wanaweza kuurekebisha mwelekeo huo bila kusubiri marekebisho ya Bunge, kwa kuyafanya utunzaji na ukaguzi wa kumbukumbu kuwa sharti la usajili wa wakusanyaji na wachakataji wa data, na kwa kuuliza katika kila uchunguzi swali hili: uvamizi ulianza lini, na siku ngapi zilipita kabla mtu yeyote hajauona?