Hatujachelewa Kujifunza Kusikiliza

Mama mmoja alikuja kliniki yetu mara tatu akilalamika kichwa. Tulimpima presha, ikawa ya kawaida. Tulimpima malaria, hakuna. Kila mara tulimpa vidonge vya maumivu, akaenda zake. Mara ya nne mmoja wetu alifunga mlango, akaketi karibu naye na kumwuliza, "Mama, nyumbani kukoje?"

Yule mama alilia kwa muda mrefu. Alikuwa amezika mtoto miezi sita iliyopita, na kila alipotaka kumtaja marehemu aliambiwa anyamaze, asije akamkufuru Mungu. Tulimwonea huruma, lakini hatukujua la kufanya. Tulimwambia, "Pole, jikaze." Hakurudi tena.

Sisi ni wauguzi watatu, sote tumevuka miaka arobaini, na kila Jumamosi tunawatembelea wagonjwa wa usharika wetu. Tunajua kuzalisha na kufunga kidonda. Kidonda cha mama yule hatukufundishwa. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: je, Mungu anaweza kumwita mtu kazi mpya wakati watoto wake wako sekondari?

Muuguzi aliyeanza upya

Tulipata moyo kwa kusoma habari za Cicely Saunders, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1918. Mwaka 1940 aliacha Chuo Kikuu cha Oxford akasomee uuguzi London. Maumivu ya mgongo yakamlazimisha kuiacha kazi hiyo. Hakukata tamaa. Alirudi darasani, na mwaka 1947 akahitimu kuwa mhudumu wa ustawi wa jamii hospitalini.

Katika kazi hiyo alikutana na David Tasma, mkimbizi Myahudi kutoka Poland, aliyekuwa akifa kwa saratani bila jamaa karibu. Cicely alikaa naye, akamsikiliza. Wawili hao walizungumza juu ya nyumba ambamo watu wangeweza kufa kwa amani. Tasma alifariki mwaka 1948, akamwachia pauni 500 ziwe dirisha katika nyumba hiyo.

Daktari mmoja alimshauri asomee udaktari ikiwa kweli anataka kuwasaidia wanaokufa. Aliingia chuo cha tiba akiwa na miaka 33, akahitimu mwaka 1957. Mwaka 1967, akiwa na miaka 49, alifungua hospisi ya St Christopher's, kusini mwa London. Dirisha likapatikana baada ya miaka 19! Alifariki humo humo mwaka 2005.

Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa si ya mwili peke yake. Kuna ya moyo, kuna ya nyumbani kama ada na ugomvi wa ndugu, na kuna ya roho. Mbegu hiyo imefika hata kwetu: Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda ilianzishwa na Dakta Anne Merriman mwaka 1993.

Kabla ya kuchukua fomu

Dada mpenzi, kama nawe unasikia wito huu, yako mambo ya kupima. Kwanza, tambua tofauti. Mtu wa ustawi wa jamii huangalia mazingira: mtoto aliyetelekezwa, mjane aliyenyang'anywa nyumba, mgonjwa asiye na nauli. Mshauri nasaha humsaidia mtu, kwa mazungumzo yaliyopangwa, aelewe yaliyomo moyoni mwake. Kazi zote mbili zinahitaji mafunzo na msimamizi. Huruma peke yake haitoshi; sisi ni mashahidi.

Pili, zungumza na mume wako mapema, kabla ya kulipa chochote. Baba watoto wa mmoja wetu aliuliza, "Ada yako itoke wapi, na ya watoto je?" Swali lilikuwa la haki. Waliandika mapato na matumizi mezani, wakakubaliana asubiri mwaka mmoja mpaka kijana amalize kidato cha nne. Mwenzetu wa pili ameshaanza masomo ya jioni. Wa tatu ana mama mkwe mgonjwa, naye ameamua kutosoma kwa sasa. Hatumhesabu kuwa ameshindwa.

Tatu, anza na kile ulicho nacho. Ukimtembelea mfiwa, usikimbilie kumwambia asilie. Mwulize jina la marehemu. Mwache aseme. Siri yake usiipeleke kisimani wala kwenye kikundi cha maombi. Ukisikia anataka kujidhuru, usimwache peke yake, mfikishe hospitali.

Mama yule hatujamwona tena. Huenda yuko usharikani kwako, akinunua vidonge vya kichwa. Ukikutana naye, tafadhali keti.