Wimbo Gani, kwa Mgonjwa Gani? Utangulizi wa Tiba ya Muziki

Mzee amesimama mlangoni. Ana ugonjwa wa Parkinson, na miguu imegoma pale pale kwenye kizingiti kana kwamba imepigiliwa misumari. Mwanawe anamvuta mkono, naye ndiyo kwanza anazidi kuganda. Mjukuu anaanza kupiga makofi, taratibu, kwa kipimo kimoja: ta, ta, ta, ta. Mzee anainua mguu wa kulia, anavuka, anakwenda mpaka kwenye kiti chake bila kushikwa na mtu.

Wanaouguza wagonjwa wa aina hii wameyaona haya mara nyingi, na wapo wanaoyaita miujiza. Hayana muujiza. Parkinson huupunguzia ubongo dopamini, na sehemu za ndani zinazoupa mwendo kipimo chake huanza kulegea. Njia ya sikio, hata hivyo, bado iko wazi, kwa hiyo mdundo wa nje hushika zamu ya ule wa ndani. Katika miaka ya 1990 Michael Thaut na wenzake wa Colorado, Marekani, waliligeuza jambo hilo kuwa tiba yenye vipimo. Kwanza huhesabiwa hatua za mgonjwa mwenyewe kwa dakika. Mdundo huwekwa hapo hapo alipo, kisha huongezwa kidogo kidogo, asilimia 5, labda 10. Anayekwenda hatua 80 kwa dakika usimpigie wimbo wa mapigo 120. Utamwangusha.

Nimekupitisha kwenye mlango wa mzee huyu, msomaji wangu, kwa sababu wageni wengi wa taaluma hii hufika na swali lisilojibika: je, muziki unatibu? Ni sawa na kuuliza kama majani yanatibu. Majani gani, ya ugonjwa gani, yamechemshwa na nani?

Mafundi wa ngoma wa pwani yetu hawakuhitaji kufundishwa swali hilo. Unguja, mtu anayesumbuliwa na shetani hapelekwi kwenye ngoma yoyote ilimradi ngoma. Rubamba wana ngoma yao, kibuki wana yao, habeshia yao, na kila kabila la mashetani lina nyimbo zake, manukato yake na nguo zake. Mtaalamu wa Norway, Kjersti Larsen, ameyaeleza haya kwa kirefu katika utafiti wake wa Mji wa Zanzibar. Fundi hana budi kujua anamwita nani. Ikipigwa isiyo yake, mteja hukaa akitazama watu tu. Ikipigwa yake, mabega huanza kutikisika. John Janzen, aliyezifuata tiba za ngoma kutoka Kinshasa hadi Dar es Salaam na kusini mpaka Cape Town, alichapa kitabu mwaka 1992 na jina alilokipa ni Ngoma, neno letu hili hili, maana alilikuta, kwa sura hii au ile, likibeba mdundo, mchezo na uganga kwa pamoja. Asiyeamini mashetani asione taabu, simtaki aamini. Namwomba atazame jinsi kazi inavyofanywa: mgonjwa hachezi peke yake, waitikiaji wamemzunguka, na wengi wao ni watu waliowahi kukaa mahali pake.

Kuna mlango mwingine, nao ni wa vitabu. Karne ya 10, huko Basra, jamaa waliojiita Ikhwan al-Safa waliandika nyaraka 52 za elimu mbalimbali, na waraka wa tano ni wa muziki. Waliziunganisha nyuzi nne za udi na majimaji manne ya mwili, yaani damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, wakataja nyimbo zilizotumiwa hospitalini kuwapunguzia wagonjwa maumivu. Mpenzi wa taarabu atakuwa ameshalitambua jina la jamaa hao, kwani ndilo la kile kikundi cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905. Huko Edirne, Uturuki, hospitali ya Sultan Bayezid wa Pili ilikamilika mwaka 1488, na msafiri Evliya Çelebi aliyeiandika katika karne ya 17 anasema wanamuziki kumi walikuwa wakiwapigia wagonjwa mara tatu kwa wiki. Nadharia ya majimaji hayo manne imekufa. Zamu ya wanamuziki wodini imerudi.

Ilirudi hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, hospitali za Marekani zilipojaa askari waliovunjika mwili na akili. Chuo cha Jimbo la Michigan kilianza kufundisha fani hii mwaka 1944, na chama cha kitaifa cha wataalamu wake kikaundwa mwaka 1950. Barani kwetu, Chuo Kikuu cha Pretoria kinatoa shahada ya uzamili.

Tukae kidogo kwenye afasia, yaani kupotewa na usemi, maana hapo ndipo wanafunzi wangu huwa hawataki kipindi kiishe. Mama amepata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Anaelewa kila neno, lakini kusema hawezi. Anajaribu kuomba maji na kinachotoka ni mguno, kisha machozi. Mwanzishie wimbo alioimba tangu utotoni, naye atauimba pamoja nawe, maneno yote. Mwaka 1973 madaktari wa Boston walitangaza njia inayoanzia hapo. Sentensi fupi huimbwa kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto wa mgonjwa ukigonga meza, silabi moja pigo moja. Jaribu mwenyewe kwa Kiswahili: na-TA-ka MA-ji. Sauti inapanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, pale lugha yetu inapoweka mkazo karibu siku zote, hata mwalimu hana haja ya kutafuta mahali pa kupanda. Baada ya majuma ya mazoezi wimbo hupunguzwa, ukaribiane na usemi wa kawaida.

Kinacholeta maneno ni nini hasa, sauti au mdundo? Wataalamu wanabishana. Benjamin Stahl na wenzake wa Ujerumani waliwapima wagonjwa 17, wakatangaza mwaka 2011 kwamba mdundo, pamoja na maneno yaliyozoeleka, ulifanya kazi kubwa kuliko sauti ya wimbo. Mimi naegemea kwao, japo wagonjwa 17 ni wachache.

Kwa maumivu habari ni nyingine. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapa uchambuzi wa majaribio 73 ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Waliosikilizishwa muziki walikuwa na maumivu na wasiwasi mdogo zaidi, wakatumia dawa chache za maumivu, na ulifaa hata ulipopigwa mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi. Kuchagua mwenyewe au kuchaguliwa hakukuleta tofauti kubwa. Mimi ninayehubiri kila mtu na wimbo wake natakiwa kulimeza hilo, na nimelimeza: sharti la mzee wa mlangoni silo sharti la aliyelala baada ya kisu.

Yapo pia yaliyoshindwa. Mwaka 1993 wanafunzi 36 wa Marekani walisikiliza Mozart, wakafanya vizuri kidogo katika mtihani wa kutambua maumbo, kwa muda wa robo saa hivi. Kutoka hapo ikaja biashara nzima ya kanda za kuwaongezea watoto akili. Usinunue. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2017, la watoto 364 wenye usonji katika nchi tisa, halikuonyesha kwamba tiba ya muziki ilipunguza dalili za usonji kuliko huduma ya kawaida. Wapo walioumia kusikia hivyo. Mimi niliona fani imekomaa, inathubutu kuchapa matokeo yasiyoipendeza.

Na tusisahau ukimya. Luciano Bernardi wa Italia alikuwa akipima moyo na pumzi za watu wanaosikiliza muziki. Kati ya vipande alikuwa ameweka dakika mbili za kimya, na ni katika dakika hizo shinikizo la damu na mapigo ya moyo vilishuka zaidi. Ndiyo maana redio inayonguruma wodini kutwa nzima siihesabu kuwa tiba. Ni kelele, hata ikiwa inapiga wimbo uupendao wewe.

Kwa hiyo ukianza kazi hii kesho, acha spika nyumbani. Chukua daftari na kalamu, ukae kando ya kitanda, umuulize mgonjwa nyimbo tatu alizozipenda alipokuwa kijana. Ikiwa hasemi, muulize dadaye. Kisha hesabu hatua zake.