Fungu la Kijiji katika Mapato ya Halmashauri

Mfanyabiashara anaponunua mahindi kijijini nchini Tanzania, hutozwa ushuru wa mazao, risiti hutoka papo hapo kwenye mashine ya POS, na fedha huingia katika akaunti ya halmashauri ya wilaya, wala si ya kijiji. Hata hivyo ni kijiji hicho, ambacho kisheria ni serikali kamili yenye halmashauri yake na mkutano mkuu wake, kinachotarajiwa kujenga boma la darasa na kukarabati ofisi ya mtendaji. Ndiyo sababu upo utaratibu wa kurejesha vijijini asilimia 20 ya mapato ya ndani, yaani mapato ambayo halmashauri hukusanya yenyewe bila kutegemea ruzuku ya Serikali Kuu.

Chimbuko la marejesho hayo ni fidia. Kodi ya maendeleo, iliyotozwa kila mtu mzima, ilifutwa mwaka 2003, nayo mamlaka za mitaa zikapoteza chanzo zilichokimiliki. Na anayemwondolea mwenzake chanzo cha mapato huku akimwachia majukumu yaleyale anawajibika kumfidia. Kwa hiyo asilimia 20 ni haki ya kijiji, na si hisani ya mkurugenzi wa halmashauri, ingawa taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kadhaa halmashauri zilizoshindwa kuirejesha.

Lakini haki hutegemewa pale tu kiasi chake kinapojulikana mapema, na mfano bora zaidi wa ugawaji wa namna hiyo ulikuwa ruzuku ya maendeleo kwa halmashauri iliyoanza mwaka 2004/05, ambayo kanuni yake ilizingatia idadi ya watu kwa asilimia 70, umaskini kwa asilimia 20 na ukubwa wa eneo kwa asilimia 10, hivyo kila halmashauri ikaweza kukokotoa fungu lake mapema bila kumbembeleza mtu. Kijiji hakina uhakika wa namna hiyo: ushuru wa mazao ya chakula uliposhushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 2, mapato ya halmashauri za wakulima yalipungua, na pamoja nayo msingi wa fungu la kijiji.

Kijiji hubandika mapato na matumizi yake kwenye ubao wa matangazo ili wananchi wayahoji. Halmashauri nayo ingepaswa kubandika hapohapo jumla ya ushuru uliokusanywa kijijini humo, kwa kuwa anayeonyeshwa kiasi kilichorudi peke yake hawezi kujua kama amepewa asilimia 20 au 5.