Mji wa Kupewa: Kinachoufanya Mchezo wa Vitendawili Upendeze, kwa Mifano ya Kinakomba

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini kitendawili hupendeza kinapochezwa, na kwa nini hicho hicho hupooza kinapochapwa kitabuni pamoja na jibu lake. Ruth Finnegan katika kitabu chake cha 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, na Lyndon Harries katika makala yake ya 1971 juu ya kitendawili cha Kiafrika, ni miongoni mwa wataalamu waliokiingiza kitendawili katika uwanja wa uchunguzi. Wengi wa wakusanyaji waliofuata wametuachia orodha: fumbo upande huu, jibu upande ule. Orodha ina manufaa yake, lakini hapana mtu aliyepata kukesha akicheza orodha.

Mifano yangu naiweka Kinakomba, katika Kaunti ya Tana River. Wapokomo wa huko ni wakulima wa kandokando ya mto, na majirani zao wa malishoni ni Waorma. Mtoto hukua akisema Kipokomo nyumbani na Kiswahili shuleni na sokoni, na mchezo wa vitendawili aweza kuucheza kwa lugha zote mbili. Wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto ndio ulioipa Kenya lahani ya wimbo wake wa taifa mwaka 1963. Kwa hiyo ile sauti ya mama wa Tana twaisimamia wima sote, ilhali michezo ya jioni ya watoto wake haijatushughulisha.

Mchezo wenyewe wajulikana. Mmoja asema, 'Kitendawili!' Wenzake hujibu, 'Tega!' Naye hutega. Maneno haya ni ya uwindaji: mtu hutega, mwenzake hutegua. Waliotegewa hujaribu, na wakishindwa mtegaji huomba mji. Wakimpa Malindi, yeye huenda Malindi, hupokewa na wenyeji, hulishwa, huvishwa, kisha ndipo atoapo jibu. Wasomi wengi huipita sehemu hii ya mji mbio, kana kwamba ni pambo tu. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye moyo wa mchezo.

Tuutazame kwanza mtego. Mtego mzuri hauna budi kuwa wa haki, maana yake jibu liwe ni kitu ambacho wote waliopo wamekiona kwa macho yao, na tofauti iwe katika namna ya kukitaja tu. Chukua kile kifupi kijulikanacho kote: 'Kila niendapo ananifuata.' Jibu ni kivuli. Hapa hakuna nomino hata moja iliyotajwa. Udanganyifu wote umo katika silabi moja, kile kiambishi a- ambacho humfanya msikilizaji atafute kiumbe chenye uhai. Kama mtegaji angesema 'kinanifuata', mtego ungefyatuka bila kunasa kitu. Katika 'Kuku wangu katagia miibani', ambacho jibu lake ni nanasi, upatanisho wafuata kuku, nalo nanasi limejificha nyuma yake. Katika 'Popoo mbili zavuka mto', yaani macho, mtegaji amesema 'mbili zavuka' kwa kuwa azungumza juu ya popoo, tunda la mpopoo liliwalo kwa tambuu. Angekuwa anataja macho angesema 'mawili yavuka'. Sarufi ya ngeli, ambayo wanafunzi wetu huilalamikia darasani, ndiyo kamba ya mtego huu.

Kitendawili hicho cha popoo chafaa kutufunza jambo jingine. Mtoto wa Kinakomba asiyejua tambuu aweza kusikia 'popo', naye popo awavukao mto magharibi anawafahamu. Mwalimu wa mwambao atamsahihisha, na kwa upande wa lugha atakuwa na haki, kwani popo wangekuwa 'wawili wavuka'. Lakini kwa upande wa mchezo mtego huo umeharibika: kitu kilichotumiwa kuficha hakijulikani kwa anayetegewa. Mtegaji mwenye akili hukibadili palepale. Hutazama nyuso za waliomzunguka, akatunga kwa vitu vyao.

Tuseme basi mtu wa huko atunga hivi: 'Mgeni wetu akija hula shamba, akiondoka huacha shamba.' (Mfano huu nimeutunga mimi kwa ajili ya maelezo, wala sikuuokota kwa mtu.) Jibu ni mafuriko ya mto, yabebayo mazao na kuacha tope lenye rutuba. Mkulima wa Tana hahitaji kuelezwa. Mkaaji wa Nairobi atahitaji tanbihi, na kitendawili kinachohitaji tanbihi kimekwisha kufa. Hata huko mtoni kwenyewe mambo yamebadilika. Mabwawa yaliyojengwa upande wa juu, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, yamepunguza yale mafuriko ya majira ambayo kilimo cha kingo kiliyategemea. Mafuriko makubwa bado huja, kama yalivyokuja mwaka 2018 na tena mwaka 2024, ila mgeni huyu hana tena msimu wake, wala hatoki na kuacha shamba kila mara. Mtunzi wa leo huenda akasema, 'Mgeni wetu hapigi hodi.' Kitendawili kipya hutungwa kwa sababu kile cha zamani hakisemi kweli tena.

Hapa nitaomba ruhusa ya kutoka nje kidogo. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao wachezaji huketi mezani, kila mmoja akajivika nafsi ya mtu mwingine, na msimulizi mmoja akawaongoza katika safari ya kubuni. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliwakuta wanafunzi wakiucheza usiku kucha. Jambo lililonivutia ni vile vijitabu vya safari walivyojitungia wenyewe, si wenye kampuni, wakavipitisha mkono kwa mkono. Niliposikiliza walivyovisifu na kuvikashifu, nilitambua hoja za barazani kwetu. Kijitabu kilichoamua kila kitu mapema, ambamo wachezaji huburutwa kama mbuzi wa kamba hadi mwisho aliopanga mtunzi, waliita kibaya hata kama lugha yake ni nzuri. Kilichoacha nafasi ya uamuzi usiotazamiwa, na ambacho kushindwa ndani yake kulifungua njia nyingine, walikipenda hata kama kimejaa makosa ya maendelezo.

Kushindwa kunakofungua njia ndiyo kazi ya mji wetu. Katika mtihani anayeshindwa hupata sufuri na mazungumzo hukoma. Katika kitendawili anayeshindwa hutoa mji, naye mshindi husafiri, na wote husikiliza safari hiyo. Kwa dakika mbili mtoto ambaye hajapata kuvuka Garsen huwa mgeni wa heshima Mombasa, au hata London, akieleza alivyoandaliwa pilau. Yule mshindwa naye ana madaraka: yeye ndiye mwenye miji ya kugawa. Aweza kutoa mji mdogo kwa ubahili, na mtegaji akaukataa, ikazuka biashara ya kubishania ukubwa wa miji ambayo mara nyingine huchekesha kupita kitendawili chenyewe. Johan Huizinga, katika kitabu chake cha 1938 juu ya mchezo na utamaduni, alieleza kwamba mchezo hujitengea mahali na muda wake, wenye sheria zilizokubaliwa kwa hiari. Mji ndio mahali hapo, tena umetajwa kwa jina.

Liko pia suala la jibu la pili. Mtu mzima akiulizwa 'Kila niendapo ananifuata' aweza kujibu, 'Deni!' Je, akubaliwe? Mwenye kupinga atasema kwamba deni ni la ngeli ya li-, hivyo ingalikuwa 'linanifuata'. Hoja hiyo haisimami, kwa kuwa kivuli nacho kingetaka 'kinanifuata'. Tukiusamehe upatanisho kwa kivuli, hatuwezi kumnyima deni. Kitabu hakina mlango wa kulipitishia jibu hilo. Baraza linao: watu hucheka, hubishana, huamua, na uamuzi wao ndio sheria ya jioni ile.

Haya yote yanatuhusu sisi walimu. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi za Kenya kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kitendawili kilipata heshima ya kuingia darasani, nacho kikalipa kodi kubwa. Mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa kwa sehemu kubwa wa kuchagua jibu moja kati ya manne. Mwanafunzi alikariri jozi za fumbo na jibu, na akitegewa hujibu kabla mtegaji hajamaliza. Mtego aliokwisha onyeshwa hauwezi kumnasa, wala hakuna tena sababu ya kuomba mji. Mtaala wa umilisi uliofuata unasisitiza kutenda kuliko kukariri, lakini mwalimu aliyeshika kitabu kilekile cha jozi atafundisha jozi zilezile.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu wanaowatuma wanafunzi kukusanya fasihi simulizi Tana River na kwingineko wabadili fomu zao. Mkusanyaji asiandike fumbo na jibu peke yake. Aandike majibu yaliyokataliwa na sababu ya kukataliwa, mji uliotolewa na ule uliokataliwa, mtegaji alisafiri vipi, nani aliamua shauri lilipozuka, na mchezo ulifanywa kwa Kipokomo, kwa Kiswahili, au kwa kuchanganya. Majina ya miji peke yake, yakikusanywa kwa uangalifu kutoka vijiji kadhaa, yangetuonyesha ramani ya dunia kama watoto wa kingo za Tana wanavyoiona, na ni mji upi kwao wastahili kutolewa kwa shida.