Bakteria Hai Wanaobeba Chanjo

Chanjo ya BCG, ambayo watoto wachanga wa Afrika Mashariki hudungwa mkononi kuwakinga na kifua kikuu, ni bakteria hai aliyepoteza ukali wake baada ya Albert Calmette na Camille Guérin kumhamisha mara 230 kutoka chombo hadi chombo, kati ya 1908 na 1921, huku wenyewe wakiwa hawana njia ya kujua ni jeni zipi zilizopotea. Wataalamu wa leo huichagua jeni ya kuondoa. Mwaka 1981 Susan Hoiseth na Bruce Stocker waliharibu jeni ya Salmonella iitwayo aroA, ambayo bila hiyo bakteria huyo hawezi kujitengenezea virutubisho fulani visivyopatikana vya kutosha ndani ya tishu za mnyama, hivyo huingia mwilini, akaishi kwa muda mfupi, na akashindwa kuleta ugonjwa.

Bakteria aliyedhoofishwa namna hiyo anaweza kutwikwa jeni ya kimelea kingine, ili atengeneze antijeni, yaani kipande ambacho kinga ya mwili hujifunza kukitambua. Na kwa kuwa Salmonella humezwa na kupenya ukuta wa utumbo, huamsha pia kinga ya utumbo wenyewe, jambo ambalo sindano hulifanya kwa shida.

Tatizo ni kwamba jeni hiyo kwa kawaida huwekwa kwenye plasmidi, kipete cha DNA kilicho nje ya kromosomu, na bakteria asiyenufaika nacho hukiacha. Roy Curtiss na wenzake walipata dawa yake, na pengine huu ndio ubunifu mkubwa kuliko wote katika fani hii: waliiondoa kwenye kromosomu jeni ya asd, inayohitajika kujenga ukuta wa seli, wakaiweka kwenye plasmidi ileile, hata bakteria anayeutupa mzigo hupasuka na kufa.

Hata hivyo, mafanikio yaliyoonekana kwa panya yamekuwa hafifu kwa binadamu, kwa sababu bakteria aliyedhoofishwa kupita kiasi hufa kabla ya kuiamsha kinga, ilhali aliyebakiwa na ukali huweza kudhuru, hasa wenye kinga dhaifu. Ndiyo maana Curtiss baadaye aliunda bakteria ambao jeni zao za ukali hufanya kazi penye sukari ya arabinosi tu: hulishwa sukari hiyo maabara, huingia mwilini wakiwa na nguvu kamili, kisha hudhoofika kadiri wanavyozaliana.