Daktari Anapoiuliza Kompyuta: Mambo Ambayo Mgonjwa Anafaa Kujua

Mgonjwa anayemwona daktari akichapa kwenye simu wakati wa matibabu huenda akadhani anajibu ujumbe wa nyumbani. Siku hizi huenda pia anauliza swali programu ya akili unde kama ChatGPT, ambayo hujibu kwa maandishi kama mtu anayepiga gumzo. Wagonjwa nao wanazitumia, na wapo wanaofika hospitalini wakiwa tayari na jina la ugonjwa.

Wahudumu wa afya wenyewe wanazionaje? Jibu la karibu limetoka Nairobi. Mwaka wa 2025, Penda Health ilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika kliniki zake 15 kwa ushirikiano na OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT. Ulihusisha ziara 39,849 za wagonjwa. Waliowahudumia ni maafisa wa kliniki, kada ileile ambayo mkazi wa Othaya hukutana nayo kwanza katika kituo cha afya.

Programu hiyo haikumtibu mtu. Ilisoma alichoandika mhudumu kwenye kompyuta, kisha ikaonyesha rangi: kijani, hakuna tatizo, manjano, fikiria tena, nyekundu, simama uangalie. Uamuzi ulibaki kwa mhudumu. Ikilinganishwa na wenzao wasiokuwa na msaada huo, makosa yao ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13. Wahudumu walioitumia walisema iliboresha kazi yao. Hata hivyo, mwanzoni onyo jekundu lilipuuzwa mara nyingi, ikabidi wahudumu waelekezwe. Nao wagonjwa walipoulizwa iwapo wamepata nafuu, hapakuonekana tofauti ya wazi kati ya makundi hayo mawili. Ni vyema pia kukumbuka kwamba mwenye programu alikuwa mshirika katika utafiti huo.

Kwa hivyo madaktari wanaoikubali teknolojia hii huiona kama jicho la pili. Wanaosita nao wana sababu. Programu hizi hukosea huku zikijibu kwa uhakika uleule zinaojibu zikiwa sahihi. Tena hazijui wasichoambiwa. Homa ya mtu ambaye hajatoka Othaya, kwenye baridi ya Aberdare, si sawa na homa ya mtu aliyerejea juzi kutoka Kisumu, ambako malaria ni ya kawaida. Daktari makini atauliza kuhusu safari hiyo. Lugha nayo ni kikwazo: mzee akieleza maumivu yake kwa Kikuyu, mhudumu akayaandika kwa Kiingereza, kuna kitu kinaweza kupotea njiani, na programu itajibu kilichoandikwa, si kilichosemwa.

Kisha kuna siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kuandika jina, nambari ya kitambulisho au majibu ya maabara ya mgonjwa kwenye programu ya umma ni jambo tofauti kabisa na kuuliza swali la jumla kuhusu dawa. Sheria hiyo inampa mwananchi haki ya kuelezwa data yake inatumiwa vipi, na haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Mgonjwa anaweza kuuliza, kwa heshima, iwapo programu imetumika na kama jina lake limeingizwa humo.

Anayetumia programu hizi nyumbani anaweza kufika nayo majibu hayo kwa daktari, si kosa. Kosa ni kuacha dawa za sukari au presha kwa sababu simu imesema, au kununua antibiotiki dukani bila kupimwa. Nyeri ilikuwa miongoni mwa kaunti 4 za majaribio ya afya kwa wote mwaka wa 2018 kwa sababu ya mzigo wa magonjwa kama hayo, ambayo huhitaji kufuatiliwa na mtu yuleyule miezi na miaka. Na mtu akishikwa na maumivu makali ya kifua, akishindwa kupumua au upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla, apelekwe hospitalini mara moja. Maswali ya simu yatangoja.